Kemikali Yenye Uhai na Ekari Arobaini za Delmar

“Ombi la Kuachilia kwa Majaribio Dutu Mpya ya Kikemikali, Aina: Kijidudu Hai, Nyongeza ya Tatu: Taarifa ya Kusimamisha Hesabu ya Siku.” Ndivyo ilivyoanza barua ya kurasa sita aliyoipokea Delmar Wiese kutoka ofisi ya serikali ya mazingira, Washington, na ukiipepeta kurasa zote sita kinachobaki kwenye ungo ni neno moja: bado. Ilikuwa Aprili, udongo wa Nebraska umeanza kupata joto, na Delmar alikuwa ametoa ekari arobaini kando ya kijito zitumike kujaribia kijidudu kilichotengenezwa maabara, chenye kazi ya kuvuta naitrojeni hewani na kuilisha mizizi ya mahindi ili mkulima apunguze mbolea. Aliikunja barua, akaipeleka anakopeleka kila jambo lake: kwenye benchi la ghala la nafaka la ushirika, ambalo zamani lilikuwa benchi la kanisa, mpaka kanisa lilipokosa watu likafungwa. Hapo alimkuta Mizani, mzee aliyepima malori ya mahindi kwa miaka thelathini na sasa anapima maneno ya wenzake. Na Askofu, shemeji yake Delmar, asiyewahi kuhubiri popote ila ana methali kwa kila jambo na hakuna inayofaa. Nyuma ya dirisha la mzani alikaa Bernadine, waliyembandika jina Wakili kwa sababu husoma hata maandishi madogo ya kwenye gunia. Delmar mwenyewe walimwita Kisima. Tangu maji ya kisima chake yapimwe na kukutwa yamejaa mbolea, mjukuu wake wa miezi mitano akawa anakorogewa maziwa kwa maji ya chupa, mzee hakuwa na hadithi nyingine.

— Bado? — aliuliza Mizani, akimmiminia kahawa.

— Wamesimamisha siku.

— Siku zinasimamishwaje? — Askofu aliruka. — Yoshua alisimamisha jua, basi! Hata yeye kalenda hakuigusa.

— Ofisi ina siku sitini za kuamua, — alisema Wakili kutoka dirishani. — Ikiwa na swali, hesabu inasimama mpaka ijibiwe. Na swali lipo. Limebaki moja.

— Lipi?

— Barua haisemi, — alijibu Delmar. — Inasema kampuni iliyotengeneza kijidudu itanijulisha. Na mimi wiki ya pili ya Mei isiponikuta nimepanda, basi tena mpaka mwakani. Mtoto atakuwa anatembea, bado anakunywa maji ya chupa.

Mizani alimwongezea kahawa kwa heshima ya mtoto. Kidogo tu.

— Mimi ninachouliza, — alisema Mizani, — kijidudu kinakuwaje kemikali? Kemikali ni rangi. Ni gundi. Kemikali haizai, bwana.

— Sheria ni ya mwaka sabini na sita, — Wakili alisema, na sauti yake ikapanda kama ya mtu anayesifu mtoto wake. — Walikuwa wanafikiria viwanda. Wakaandika kwamba kemikali ni kitu chochote cha namna hii ambacho si chakula, si dawa, si hiki wala kile. Halafu miaka ikapita, vikaja vijidudu vya maabara, havina kwao. Watu wa ofisi wakaichungulia sheria ya gundi wakaona, aa, humu vinaenea! Mimi nakwambia, aliyeona hilo hakuwa mjinga.

— Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, — alisema Askofu.

— Hiyo inaingiaje hapo, we naye?

— Inaingia. Kiite kemikali, kitakua kemikali.

— Tena si kila kijidudu, — Wakili aliendelea. — Kikipewa vinasaba vya ndugu yake wa ukoo mmoja, si kipya, hawana shida nacho. Kikichanganywa na ukoo mwingine, hapo ni dutu mpya. Hicho cha Kisima kimechanganywa.

Askofu aliweka kikombe chini.

— Ngoja. Mimi Mluteri, nimemwoa Mcheki, Mkatoliki. Kwa hiyo wanangu watano ni dutu mpya?

— Yule wa tatu ndiyo, — alisema Mizani. — Yule hata mimi ningemfungulia faili.

Kicheko kiliwatoka mpaka dereva wa lori lililokuwa mzanini akachungulia. Delmar alicheka nao, ila mkono ulikuwa mfukoni, juu ya barua.

— Nikwambieni swali lililobaki? — Mizani alijisogeza. — Bango. Lori la kemikali lazima liwe na bango la rangi, sivyo? Sasa shamba limekuwa lori. Watataka Kisima aweke bango kila pembe.

— Bango dogo hilo! — Askofu alimkatiza. — Watataka idadi. Vijidudu vyote vihesabiwe, kila kimoja na namba sikioni kama ndama. Halafu fikiria mnyoo. Mnyoo amemeza vijidudu elfu. Si amekuwa tangi la kemikali lisilo na leseni?

— Na bata bukini akimla mnyoo?

— Bata bukini akimla mnyoo akaruka kwenda Kanada, huyo ni msafirishaji nje wa kemikali! Atadaiwa fomu mpakani. Haraka haraka haina baraka.

— Bata hana haraka, Askofu.

— Ndiyo maana ana baraka.

Delmar aliwasikiliza akiwa na siri ambayo kijiwe hicho kisingemsamehe: alikuwa amewapenda wale watu wa ofisi. Walikwisha kuuliza maswali kumi na saba. Vijidudu vikipigwa na baridi ya Januari, vinabaki vingapi kwenye kijiko cha udongo? Kinaweza kumgawia jirani yake vinasaba? Upepo wa huko huvuma kutoka upande gani mwezi wa tano? Kuna mtu huko, alifikiri, ambaye hajawahi kuliona shamba langu, na analifikiria kunizidi.

— Usione vyaelea, — alisema polepole, — vimeundwa.

— Methali yangu hiyo! — Askofu alilalamika.

— Wewe ungeipeleka kwa bata.

Hapo mlango ukafunguka. Aliingia binti mwenye viatu vya mjini vilivyojaa tope, akiwa na kompyuta kwapani.

— Samahani wazee. Natafuta Bwana Wiese. Naitwa Tamsin Oyler, natoka Lincoln, kwenye kampuni ya kijidudu. Nimeleta swali la ofisi.

— Ni la bango? — aliuliza Mizani.

— Hapana, mzee. — Alifungua kompyuta magotini, akasoma kama anayeona haya kwa udogo wa jambo lenyewe. — Mkimaliza kupanda, mashine ya kupandia mnaioshea wapi?



Askofu alitazama dari. Mizani alitazama kahawa. Kwa maana mashine zao zote, kwa vizazi vitatu, huoshewa mahali pamoja: kwenye changarawe chini ya daraja, ndani ya kijito. Siku ya mwisho ya kupanda, familia zote huteremka pale na soseji na bia, mashine zikapangwa foleni ndani ya maji, vumbi la mbegu zilizopakwa dawa likatiririka, na watoto wakaogelea upande wa chini kwa sababu huko ndiko kuna kivuli. Kisima cha Delmar kiko hatua themanini kutoka hapo.

— Uani, — alisema Askofu haraka. — Mbali kabisa na maji. Si ndiyo, shemeji?

Binti alianza kuandika.

Delmar aliona jinsi neno lile lingeziachilia siku zitembee tena. Hiyo Mei ingemkuta amepanda. Akaona pia watoto wa upande wa chini.

— Futa hilo, binti, — alisema. — Tunaoshea kijitoni. Wote. Tangu babu yangu.

— Kijitoni? — Tamsin aliinua kichwa. — Bwana Wiese, nikiandika hivyo, watataka mpango mpya. Huenda ukachelewa kupanda.

— Andika. Halafu nisaidie kufanya huo mpango. — Akawageukia wenzake. — Sheria ya gundi, jamani. Mtu yuko mezani Washington, hajui hata mahindi yanapandwa kina gani, na amekiona kijito chetu. Sisi tumesimama ndani yake miaka sabini.

— Akili hiyo, — Mizani alikiri, na yeye hasifu mtu.

Askofu alimsogezea binti kiti, bila methali yoyote.

Kibali kilitoka tarehe ishirini na sita Mei, na masharti kumi na mawili. Ekari arobaini zilipandwa hata hivyo, tarehe ishirini na tisa, zimechelewa wiki mbili na zaidi, na zilitoa mahindi machache kuliko mwaka uliotangulia. Mashine ilioshewa humo humo shambani, juu ya nyasi, mbali na maji. Mizani na Askofu nao waliosha zao shambani, ingawa wao hawakuandikiwa barua na mtu yeyote.