Fungu la Mke Asiyekuwapo

Assalamu alaykum, ndugu zangu! Alhamdulillahi, Mola katukutanisha tena, na mimi mwaka huu sikatai kusema. Vijana wa hapa Al Amerat mnaniuliza siku zote: babu, Bibi Zuhura ulimletaje Maskati, na zama zile kuingia kulikuwa taabu? Basi sikilizeni. Ni Mungu, wallahi, si ujanja wangu!

N'lifika Maskati mwaka wa sitini na nne, baada ya mambo ya Unguja. Mimi walinipokea kwa sababu ya babu yangu, mtu wa huku. Mke wangu Zuhura alikuwa Mngazija, hana ukoo Omani, kwa hiyo yeye ni mgeni, hapiti ila kwa ruhusa. Nikamwacha Mombasa kwa dada yake, nikamwambia asubiri kidogo. Kidogo! Nyinyi mmeikuta Qurum ina majumba na Wattaya ina maduka ya magari. Sisi tuliikuta Qurum mchanga mtupu. Jioni mzinga ukilia lango la mji linafungwa, na ukitoka lazima ubebe fanusi. Lakini ilikuwa na raha yake, jamani! Harufu ya kahawa ya iliki Matrah asubuhi, na watu wanasalimiana mpaka unasahau ulikokuwa ukenda. Naitamani Maskati ile.

Ami yangu alinipa pa kulala, akaniweka dukani kwake nipime vitambaa. Mtu mwema, ila mkono wa birika. Akanambia nijiandikishe kwa sheikh wa jamaa zetu kuwa mimi kapera. Maana desturi yao, kila Idi mwenye mke hutoa fungu la nyumba: posho ya walinzi wa mtaa, na nyama ya shuwa. Shuwa mnaijua, nyama inatiwa viungo, inafungwa mifukoni, inazikwa shimoni kwenye makaa, na kila nyumba ina mfuko wake wenye alama, ila ikitolewa tunakula wote pamoja. Kapera hatoi kitu, anakula tu. Na mke asiyewasha moto hapa, kwao hahesabiwi. Wenzangu wengi waliotoka Unguja waliandikwa makapera, na wala hawakuvunja sheria.

Mimi damu ikanichemka. Nikamwambia, "Ami, Zuhura hajafa! Nna mke, na fungu lake nitalitoa." Akacheka mpaka akashika mbavu.

Basi kila Idi nikatoa fungu, nikafunga mfuko wangu, nikautia alama ya waya. Ndugu zangu, nilitaniwa! Palikuwa na mzee mmoja, Khalfan, mpika halua wa sokoni, ulimi wake wembe. Mfuko wangu ukitolewa shimoni, huuliza mbele ya kadamnasi: "Bibi harusi hajambo? Leo kaivisha au kaunguza?" Watu hoi kwa kicheko. Nami nikicheka nao, kisha chumbani nalia. Naam, mwanamume mzima, nalia.

Nikaomba serikalini ruhusa ya kumleta, nikakataliwa. Nikaomba tena, nikaambiwa ngoja. Miaka ikapita. Halafu akaja msafiri wa Mombasa na salamu nzito: kaka zake Zuhura wamechoka, wanataka aende kwa kadhi avunjiwe ndoa, maana mume mwenyewe kapotea. Zuhura kawaomba wangoje mpaka Idi kubwa, basi. Subhanallah! Ami akanambia nioe hapa hapa, wasichana wamejaa.

Nikaswali adhuhuri, nikabaki msikitini peke yangu. Nikasema: Yarabi, mimi mlango siuoni, nifungulie Wewe! Sikuwa na maneno mengine.

Haikupita wiki nikaitwa. Mkubwa wa ruhusa alikuwa hamwamini mtu. Wenzangu walipoomba kuleta wake zao, aliwauliza jamaa, akajibiwa kuwa hao ni makapera. Wakarudi mikono mitupu, masikini, na wake zao walikuwa wa kweli! Sasa zamu yangu. Wakaletwa sheikh na watu wa mtaa. Mkubwa akauliza: huyu ana mke? Nani kamwona? Ami kainamisha kichwa.

Mara akainuka Khalfan. Nikasema, nimekwisha, leo huyu atanimaliza! Akasema, na wala hakucheka: "Mwanamke sijamwona. Lakini nyama yake nimeila kila Idi tangu mtu huyu aje. Nani atoe fungu la mke asiyekuwapo duniani, na wote tunamcheka? Mimi shahidi."

Wakanyanyuka na wengine, wale wale wachekaji: na mimi nimeila, na mimi nimeila. Allahu akbar! Kejeli zao zote Mungu kazigeuza ushahidi! Ruhusa ikatoka siku ile ile, Idi kubwa haijafika.

Zuhura aliteremka melini mwaka wa sitini na tisa, kakonda, buibui limepauka. Wanawake wa mtaa mzima walikuja kumpokea, wanamwita kwa jina lake, na yeye hamjui hata mmoja. Akaniuliza, "Hawa wamenijuaje?" Nikamwambia, "Wamekula nyama yako kila Idi."

Leo Zuhura yuko makaburini, na Khalfan, na ami yangu. Nnawakumbuka wote, Mungu awarehemu. Ndugu zangu, mwenye haki yake iliyo mbali asiikane kwa kuogopa kuchekwa. Aitaje mchana kweupe, kisha amwachie Mola. Na mkinyanyua mikono usiku huu, mwombeeni Zuhura. Mimi nililipa nyama tu; aliyengoja ni yeye.