Goli la Bega

Mheshimiwa Mganga Mkuu wa hospitali yetu, waheshimiwa madaktari, wakuu wa wodi na wa maabara, ndugu wauguzi, wageni waalikwa, na nyinyi wagonjwa wawili mliojibanza kule nyuma mkidhani nguo za wodini hazionekani: hamjambo nyote?

Mbele yenu amesimama mtu mwenye bahati kuliko wote mjini. Shule niliishia darasa la tano, la sita nililiona kupitia dirishani, lakini mwaka ule ambao Sista wetu anayestaafu leo alianza kazi hapa, mwaka uliokuwa baba wa miaka yote, mimi niliuona mzima mzima kwa macho haya haya mawili. Ndiyo maana mnaniita Shahidi. Ndiyo maana Mganga Mkuu alipotafuta mtu wa kuusimulia mwaka huo, hakumwita profesa, alimwita kinyozi.

Nani wa rika langu asiyekumbuka? Fainali ya kombe, timu yetu moja, wageni bila. Bendi ya kiwanda cha nguo ikatoa ule mtindo wa kuburuta mguu mmoja, mji mzima ukatembea kama umeteguka. Jua likapatwa mchana kweupe, kuku wa mlinzi wa geti wakapanda kulala saa saba. Na mashine ya kwanza ya eksirei ikaletwa hapa hapa, na mtu wa kwanza kupigwa picha ya mifupa alikuwa nani? Mimi! Hamjawahi kuniuliza kwa nini, nami sijajisumbua kuwaeleza.

Miaka thelathini na minane nimeyasimulia hayo kwenye kiti changu cha kunyolea. Mteja akikaa, kabla sijamfunga shuka, tayari nimemfikisha uwanjani. Ugomvi mmoja tu haujaisha, na fundi cherehani yule pale mwenye kofia, jirani yangu wa ukuta mmoja.

"Lile goli lilifungwa kwa kichwa," husema kila Jumamosi.

"Kwa bega," namwambia.

"Bega! Tangu lini bega likafunga goli la fainali? Nilikuwa nyuma ya lango, wewe!"

"Nyuma ya lango ulikuwa, na mbele yako alisimama mtu mrefu. Nyamaza, nisije nikakupunguza sikio."

Wateja hucheka, nami hushinda. Fundi wa watu amejua ukweli miaka yote, akaonekana mwongo, kwa sababu mdomo wangu una kasi kuliko cherehani yake. Watoto wamekua wakiliita goli la bega.

Sasa wiki iliyopita Mganga Mkuu aliniletea karatasi. Hospitali inachapa kijitabu cha mwaka ule, na ukurasa wa kwanza ni picha yangu, chini yake maneno: "Shahidi aliyeona yote." Nitie sahihi tu kwamba ni kweli. Karatasi ninayo hapa mfukoni, na tangu siku ile kalamu imekuwa nzito kuliko mkasi. Jina hili ndilo nililo nalo. Nikilivua, nabaki na nini, nywele za watu sakafuni?

Haya, niwaulize. Mtu hupigwaje picha ya mifupa bila kuvunjika mfupa?

Mwezi wa pili wa mwaka ule nilikwea ukuta wa uwanja nione mazoezi. Ukuta ulikuwa na maoni yake. Nikaanguka, paja likavunjika, kidonda kikaoza, nikalala kitanda cha nne, wodi ya wanaume, mguu umening'inizwa kwa kamba na mfuko wa mchanga, mpaka mwezi wa kumi na moja. Kijana wa miaka ishirini na mitano! Nikasusa chakula. Muuguzi mmoja mgeni, hata kofia yake bado ilikuwa ngumu kwa wanga, akaniuliza kulikoni. Nikamwambia, "Dada, dunia inapita bila mimi."

Akasema, "Kaka, wewe kula. Dunia nitakuletea."

Akaileta. Ule mtindo wa bendi aliucheza katikati ya vitanda, sinia la dawa mkononi, mpaka mkuu wa wodi akamfokea. Siku ya jua kupatwa wenzake wote walikimbilia nje, yeye akasimama mlangoni, mguu mmoja ndani, mmoja nje, akinipigia kelele: "Limemegwa kidogo! Sasa nusu! Kaka, kuku wanakwenda kulala!" Na siku yake moja ya mapumziko aliimalizia kwenye fainali, yeye ambaye mpira haujui, alidhani refa ni mchezaji aliyekosa timu. Kesho yake asubuhi huyo anakuja.

"Tumefunga!"

"Kwa kitu gani? Mguu? Kichwa?"

Akafikiri, akajishika hapa. "Kwa bega."

"Bega, dada?"

"Nimeona mwenyewe. Maliza bakuli hilo."

Nikamaliza. Angesema limefungwa kwa kiwiko, ningemaliza vilevile.

Sista, miaka yote hii umepita mbele ya kibanda changu ukinisikia nimefika kwenye kuku wa mlinzi, mikono imepaa hewani, mteja kakodoa macho. Ungeweza kunivua nguo kwa neno moja. Ulitabasamu, ukaenda zako zamu. Anayejua kutunza aibu ya mwenzake hivyo, tumpe nini tunapomuaga, saa ya ukutani? Mganga Mkuu, picha yangu itoe, weka yake. Hapo nitatia sahihi mara mbili.

Nawashukuru mlioniita, nawashukuru mlionivumilia. Asanteni kwa kunisikiliza leo, na asanteni zaidi kwa ile miaka thelathini na minane mliyonisikiliza bila kudai ushahidi. Fundi, ndugu yangu, lilikuwa la kichwa. Na ile bahati niliyoanza nayo ni uongo: mwaka ule sikuona kitu ila dari.