Somo Lisilo na Idara: Risala ya Wanafunzi wa Habari za Mazingira, Kitale, 1996

Mgeni rasmi, Mkuu wa chuo, walimu wetu, wageni kutoka Matulo, na mafundi mlio bado juu ya paa: hamjambo.

KARIBU
Tumefurahi kukuona. Jiko la mafunzo ya upishi utakalolifungua leo lilikuwa darasa letu hadi Ijumaa iliyopita. Tunapongeza rangi. Inapendeza.

TULIKOTOKA
Somo letu lilianza mwaka 1993, Mwalimu Jerono aliporudi kutoka masomoni ng'ambo. Tunajifunza kukusanya habari za mvua, mito, udongo na misitu, kuzihifadhi, kuzilinganisha, na kuzifikisha kwa mtu anayezihitaji kabla hajachelewa. Ni taaluma changa hata huko ng'ambo. Idara ya Jiografia ilisema hiyo ni kazi ya maktaba. Maktaba ikasema ni jiografia. Idara ya Sayansi ikauliza kemikali ziko wapi. Kwa hiyo hadi leo alama zetu huandikwa chini ya "Mengineyo".

TULICHOFANYA
Agosti mwaka jana mwenzetu Chepkemei alikuwa kwenye mazoezi katika shule moja mlimani Elgon. Asubuhi alipiga simu chuoni akasema mto umefunika alama zote tulizochora kwenye nguzo za daraja. Tulilinganisha na miaka iliyopita, tukaona kwamba maji hayo yangefika jioni Matulo, kijiji kilicho bondeni kando ya mto huohuo. Huko hakukuwa na tone la mvua.

Simu ya Matulo haikuwepo. Mwalimu Jerono na mwanafunzi mwenzetu Wekoye walipanda lori la kabichi, wakapitia Misikhu, wakafika saa nane mchana jua likiwaka.

Naibu chifu aliwauliza, "Ati mto utajaa? Na hii jua yote? Nyinyi ni wa idara gani?"

Hilo ndilo swali tusilolijua jibu lake.

Mwalimu akasema, "Mvua imenyesha mlimani tangu jana. Maji yako njiani."

Watu walicheka, wengine wakarudi shambani. Ndipo Mama Nanyama, ambaye nyumba yake iko karibu zaidi na mto, akauliza, "Sasa ng'ombe zangu nipeleke wapi?"

"Juu, kanisani."

Akafungua zizi. Majirani walipoona ng'ombe wa Mama Nanyama wanapanda kilima, waliacha kucheka, wakabeba watoto na magodoro. Kabla jua halijatua, mto ulichukua mahindi, jiko moja na kuku kadhaa. Haukuchukua mtu.

Ripoti iliyotumwa juu serikalini ilisema tu kwamba wananchi walikuwa macho. Ni kweli.

CHANGAMOTO
Ijumaa Mkuu wa chuo alitutangazia kwamba somo letu linafungwa muhula huu, kwa kuwa chumba kinahitajika na hakuna idara iliyolidai. Alisema kwa upole, na tunamshukuru. Mwalimu Jerono hakulia wala hakubisha. Aliuliza tu, "Na Chepkemei akipiga simu, ataongea na nani?"

Mkuu alisema suala hilo litaangaliwa. Usiku ule hatukula vizuri. Wengi wetu tuliacha nafasi katika vyuo vya ualimu ili tusome somo hili, na wazazi wetu bado hawajaambiwa.

Habari zilifika Matulo, hatujui kwa njia gani. Jumapili Mama Nanyama na wazee wa kanisa walikuja hapa Kitale. Mama alimwambia Mwalimu, "Wewe kuja tu. Kanisa iko wazi Jumatatu mpaka Jumamosi. Siku ya Bwana ndiyo hatuwezi."

Mwalimu Jerono alikubali. Hapo ndipo alipolia. Tunahamia Matulo kesho, sote, na Mwalimu atafundisha.

MAOMBI
Mgeni rasmi, tulikuwa tumeandika maombi mengi. Tumeyafuta. Hatuombi chumba, maana tumepewa. Hatuombi idara, maana tumezoea.

Kanisa halina simu. Tunaomba waya ufike Matulo kabla ya Agosti.

Mungu akurudishe nyumbani salama, na aibariki mikate itakayookwa humu ndani.

Ni sisi,
Wanafunzi wa Habari za Mazingira.
Imesomwa kwa niaba yao na Mukhisa.