Weyzero Yeshimebet, Aliyekataa Kuandika Sifuri

Tarehe 30 ya mwezi wa Sene, siku ya kufunga mwaka wa fedha wa serikali, Weyzero, yaani Bibi, Yeshimebet Wondafrash anastaafu baada ya miaka thelathini na mmoja katika Kituo chetu cha Utafiti wa Gharama za Matibabu, hapa Addis Ababa. Kamati ya sherehe iliniomba niandike maneno ya furaha. Nimejaribu. Yaliyotoka ni haya.

Aliajiriwa kuwa mdadisi: mtu wa kupanda milima ya Gurage na madodoso begani, akiuliza kila kaya ugonjwa umewagharimu nini. Wenzake walichukua malaria. Yeye aliachiwa kifafa na maradhi ya akili kwa sababu hakuna aliyeyataka. Alikunywa buna, kahawa yetu, katika kila nyumba, hata zile ambazo majirani hawakuthubutu kugusa vikombe vyake, wala hakuaga kabla ya kikombe cha tatu, kile cha baraka. Siku zake za kazi zilikuwa ndefu kuliko zetu, na majibu aliyoyaleta yalikuwa ya kweli kuliko yetu. Mbwa walimng'ata mara nne. Aliwajua kwa majina.

Mwaka wake wa tisa alifika kwa Tiruwork, mjane mkulima wa enseti, mmea wa chakula unaofanana na mgomba. Binti yake, Asnakech, alikuwa na miaka kumi na tisa, na kifafa tangu akiwa na saba. Siku ya kwanza alipoanguka aliangukia motoni, na watu wakaogopa kumgusa mpaka mama yake alipofika mbio. Mkono wa kushoto ukaungua wote. Tangu siku hiyo Tiruwork hakwenda tena sokoni.

Dodoso liliuliza: mlezi amepoteza siku ngapi za kazi ya mshahara? Tiruwork hajawahi kulipwa mshahara. Kwa mwongozo wetu, jibu lilikuwa sifuri.

"Sifuri?" Tiruwork aliruka. "Dada yangu, miaka kumi na miwili siendi hata haja bila kumfunga huyu kamba kiunoni. Andika hiyo!"

Yeshimebet akaiandika pembeni mwa karatasi, na kisanduku akakiacha wazi. Alifanya vivyo hivyo katika nyumba mia mbili na kumi na nne.

Dakta Gebeyehu, mkuu wetu wa hesabu, alimwita mbele ya watu.

"Weyzero, ulitumwa kuuliza. Hukutumwa kufikiri."

"Basi ungemtuma nyumbu, Dakta. Anapanda mlima vizuri kuliko mimi."

Tulicheka. Kesho yake akahamishiwa stoo, na kicheko kikatukauka. Vile visanduku nilivijaza mimi kwenye kompyuta, sifuri baada ya sifuri, kwa kuwa nilikuwa bado sijathibitishwa kazini na niliogopa.

Ripoti ikatoka, ikasema kutibu kifafa vijijini "hakuna tija ya kutosha". Vidonge vya kifafa, ambavyo vya mwezi mzima havifikii bei ya vikombe vitatu vya kahawa ya maziwa hapa mjini, vikafutwa kwenye mpango wa dawa za vijijini. Msimu wa mvua uliofuata, Tiruwork akiwa kitandani na homa, Asnakech alikwenda mtoni kuchota maji. Akaanguka. Maji yalikuwa ya magotini tu. Yalitosha.

Habari zilipomfikia, Yeshimebet alipanda kutoka stoo hadi kwenye meza ya Dakta. "Na hii," akamwuliza, "utaiandika ngapi?"

Dakta akasema ana kikao.

Miaka sita baadaye iliamriwa madodoso ya zamani yauzwe sokoni yakafungiwe viungo vya mchuzi. Yeshimebet alikataa kutoa ufunguo wa stoo. Akaandikiwa barua tatu za onyo, ufunguo hakuutoa. Wakaguzi wa chuo kikuu walipotaka karatasi za asili za ripoti ile, zilikuwapo, kavu, zimepangwa kijiji kwa kijiji. Tukahesabu upya, safari hii pamoja na siku za akina mama. Ikaonekana vidonge vinarudisha zaidi ya vinavyogharimu. Vikaanza kugawiwa katika wilaya tatu, na watu zaidi ya elfu moja wakaacha kuanguka au wakaanguka mara chache.

Ripoti ya hesabu hiyo mpya ina majina kumi na moja ya waandishi. La Dakta ni la kwanza. La Yeshimebet halimo. Langu limo.

Tangu mwezi wa Tikimt, miezi minane sasa, vidonge vimekwisha tena. Tunaambiwa bajeti inatafakariwa.

Kamati ilimwuliza angependa zawadi gani. Alitaka barua yake ya kustaafu tu, yenye mhuri. Kuanzia wiki ijayo, yeye na akina mama arobaini wa wilaya hizo, Tiruwork akiwa mmoja wao, watakwenda kuketi mlangoni kwa wakubwa wa bajeti mpaka vidonge virudi. Nilimwuliza kama haogopi.

"Watanifanya nini?" akanicheka. "Watanifukuza kazi?"

Weyzero Yeshimebet, ahsante kwa kila mlima na kwa kila karatasi. Tunakutakia magoti imara, buna ya moto, na uzee mrefu wa kuwanyima watu hao usingizi. Na sisi unaotuacha hapa, mimi kwanza, usitusamehe upesi.