Chupa ya Mwaka 1966 katika Stoo ya Mzee Dullo

"Chupa moja, dawa nyekundu ya kigeni, ya mwaka 1966. Imepitwa na wakati. Imwagwe shimoni. Mtunza stoo alizembea."

Maneno hayo si yangu. Yaliandikwa na kamati ya ukaguzi wa stoo mwezi wa Februari mwaka huu wa 1986, na yamo ndani ya faili ya mtu anayestaafu, tuliyekuja kumuaga leo. Nimesimama kuyapinga.

Bwana D.O., afisa wetu wa tarafa na mgeni wetu wa heshima. Bwana Gikunda, mkuu wa kituo hiki cha mifugo cha Isiolo na mwenyekiti wa kamati hiyo. Daktari Morvan, uliyetoka Ufaransa kwa ajili ya siku hii. Masheikh na wachungaji. Wazee wetu wa Kinna na Kipsing. Kina mama na wafanyakazi wote: salaam aleikum, na habari zenu. Mimi ni Kithinji, mwalimu wa shule ya upili, jirani wa Mzee Dullo Jirma kwa miaka kumi na tisa. Ameniomba nizungumze kwa niaba yake kwa sababu, asema, yeye akishika maikrofoni atasamehe haraka mno.

Mnajua kazi yake. Mzee Dullo alitunza chanjo za ng'ombe. Chanjo ya sotoka, ugonjwa unaofyeka kundi zima la ng'ombe, ikipata joto hufa, na kumdunga ng'ombe chanjo iliyokufa ni kumdunga maji. Kwa hiyo katika stoo ile tarehe ni sheria. Chupa ikipita tarehe yake, inakwenda shimoni, hakuna mjadala.

Sasa sikilizeni habari ya chupa hii. Mwaka 1971 Daktari Morvan, wakati huo kijana, alikuwa akimaliza kazi yake ya kutibu mifugo hapa na kuhamishiwa jangwani. Alikuwa na chupa moja ya divai nyekundu, zawadi ya baba yake, kutoka shamba la mizabibu la Bordeaux ambalo Wafaransa hulitaja kwa sauti ya chini, kama watu walio kanisani. Divai ya namna hiyo ikinywewa changa hukwaruza ulimi. Ikilazwa miaka mingi gizani, penye ubaridi, bila kutikiswa, huwa kitu kingine kabisa. Na mahali pekee penye ubaridi na utulivu alipopajua Daktari ilikuwa stoo ya Dullo.

"Dullo," akasema, "nitunzie."

"Hiyo kwetu ni haramu, Daktari."

"Sikuambii unywe."

"Hata kuishika siishiki." Mzee akafikiri kidogo. "Iweke wewe mwenyewe ndani ya sanduku. Jaza maranda, piga misumari. Mimi nitatunza sanduku. Ya ndani ni yako na Mungu wako."

Ndivyo walivyokubaliana. Sanduku likawekwa sakafuni mwa stoo, limeegemea kwa nje ukuta wa chumba cha baridi cha chanjo, na kwa miaka kumi na tano mkono wa Dullo haukugusa chupa hata mara moja. Mwaka 1979 jenereta ilikufa siku tatu, katika jua la mwezi wa tatu. Nilimpelekea chai nikamkuta anafunika chanjo kwa magunia yaliyoloweshwa maji, na gunia moja amelitandaza juu ya sanduku. Badala ya asante nilipigiwa kelele: "Mwalimu, funga mlango! Unaniingizia jua!"

Ndipo, Februari mwaka huu, ikaja kamati.

"Hii ni nini, Mzee?" akauliza Bwana Gikunda.

"Sanduku la watu."

"Ndani kuna nini?"

"Mimi sijafungua."

Wakang'oa misumari. Hakuna aliyejua Kifaransa, lakini wote walijua kusoma tarakimu, na katika chumba kile tarakimu juu ya chupa ina maana moja tu: siku ya kufa. Elfu moja mia tisa sitini na sita! Sicheki kosa hilo. Ni kosa la watu wanaojua kazi yao. Lakini neno "alizembea" mlilitoa wapi? Nani alimuuliza mzee huyu swali la pili?

Mimi nilimuuliza kwa nini alinyamaza. Akajibu: "Nikisema ni pombe, nimeaibisha stoo. Nikisema ni dawa, nimedanganya. Basi nikanyamaza." Alikataa kuimwaga amana ya mtu. Alipigilia misumari upya, akabeba sanduku kifuani hadi kwangu, akamwambia mke wangu Kananu: "Dini yenu haikatazi. Kaeni nalo mpaka mwenyewe aje."

Nikamwandikia Daktari. Amekuja. Jumamosi iliyopita tuliifungua mezani kwangu, wakati wa chakula cha mchana, na nilimwalika Bwana Gikunda, kwanza kwa sababu tunatoka tarafa moja kule Meru, na pili kwa sababu mimi ni mtu mbaya.

Kizibo kilitoka kizima. Daktari aliizungushia chupa kitambaa hata karatasi yake isionekane, akamimina polepole, mashapo yakabaki chini. Nimesoma vitabu vingi juu ya divai hizi, vilivyoandikwa na watu wenye nafasi ya kuzinywa, na siku zote nilidhani wanatia chumvi. Hawatii. Ilinukia ngozi, mbao kavu, na udongo uliopigwa na mvua ya kwanza.

"Mwalimu," akasema Bwana Gikunda, "hii kitu umetoa wapi?"

"Kunywa kwanza."

Akanywa. Akaomba glasi ya pili. Ya tatu alijimiminia mwenyewe. Hapo nikamwambia: "Hiyo ndiyo dawa yako iliyoharibika."

Akaitazama glasi, akanitazama mimi. "Si ungengoja nimalize?" Na akamaliza!

Mzee Dullo alikuwa barazani na chai yake. Akauliza kupitia dirishani: "Daktari, ililala vizuri?"

"Dullo, ililala vizuri kuliko mimi."

"Haya. Chukua na sanduku lako."

Mabibi na mabwana, divai hiyo ingeachwa katika joto la Isiolo ingeharibika kabla ya mwaka kwisha. Ilikaa kumi na tano ikatoka nzima. Je, mwahitaji shahidi gani mwingine? Kama mtu alitunza hivyo kitu asichoweza kukionja, alitunzaje chanjo zilizokuwa ng'ambo ya ukuta uleule? Wazee wa Kipsing, nani kati yenu alidunga ng'ombe kwa chanjo ya Dullo, kisha akamzika kwa sotoka? Nangoja mkono mmoja. Hakuna.

Jumatatu faili hii inakwenda Nairobi. Huko hakuna anayemjua Dullo. Watasoma neno moja, na kwa neno hilo watamnyima barua ya utumishi mwema aliyoifanyia kazi miaka ishirini na saba.

Nawashukuru nyote kwa masikio yenu na kwa kicheko chenu. Sasa nakaa. Bwana Gikunda, faili iko mezani, mbele ya Bwana D.O., na kalamu hii ina wino. Simama, ndugu yangu, mbele ya watu hawa. Futa "alizembea." Kisha, kwa mkono uleule uliomimina glasi ya tatu, andika: "alitunza."