Damu Tuliyokwisha Kutoa Ihesabiwe: Risala ya Mafundi Seremala wa Mbele ya Hospitali kwa Mganga Mkuu

Mgeni rasmi, daktari wetu mkuu,

Karibu sana. Kiti ulichokalia tumekimaliza asubuhi ya leo, kwa hiyo ukiinuka angalia suruali, vanishi yetu ina ukaidi. Tutasema moja kwa moja, maana una kazi na sisi tuna kazi.

Tulikotoka

Tuko mafundi ishirini na saba. Tunatengeneza vitanda, makabati na, tusifichane, majeneza. Geti la hospitali linatutazama. Kwa miaka mingi watu walitoka humo mbio, wameambiwa mgonjwa wao hapasuliwi mpaka ndugu wawili watoe damu. Asiye na ndugu karibu alivuka barabara: "Kaka, naomba uwe mjomba wangu kwa nusu saa."

Tukawa wajomba. Tukawa mashemeji. Mwenzetu Randa alikuwa ndugu wa koo tatu ndani ya miezi miwili, hadi sista wa chumba cha damu akamkazia macho.

"Wewe si juzi ulikuwa baba mdogo wa yule wa wodi ya wazazi?"

"Ukoo wetu mpana, sista."

"Na damu yako nayo ni pana? Kaa hapo nikupime."

Damu ilikuwa imepungua. Akarudishwa na vidonge na maneno makali.

Sista huyo ndiye aliyetufungua macho. Alisema ndugu aliyebanwa huficha maradhi yake asiaibike mbele ya ukoo, na anayeumia ni mgonjwa. Wa hiari hana sababu ya kudanganya. Tena mtu wa ajali hawezi kusubiri shangazi apande basi. Damu inatakiwa iwe imeshalala kwenye friji.

Tulichofanya

Tukaacha ujomba wa kukodi. Tangu mwaka jana tumetoa kwa hiari mara tatu, chupa sabini na nne. Tunaye mmoja mwenye misuli kama gogo ambaye huzimia kabla pamba ya spiriti haijamgusa. Huyo tumempa kazi ya kugawa soda, na anaifanya vizuri.

Tulipokosea, na kinachotubana

Sista alituambia tugawane kwa zamu, wengine mwezi huu, wengine ujao. Hatukusikia. Tulitaka kwenda pamoja, kwa shangwe na fulana mpya. Wiki tatu zilizopita tukatoa wote siku moja, na mwanaume hurudia baada ya miezi mitatu. Leo karakana nzima hakuna anayeruhusiwa kutoa.

Sasa mke wa Msasa, mwenzetu aliyesimama pale mlangoni, amelazwa. Ana uvimbe kwenye kizazi na anapoteza damu. Upasuaji ni keshokutwa. Ameambiwa alete ndugu wawili. Kaka yake ana presha, dada yake ananyonyesha. Msasa alipoonyesha kadi yake ya kuchangia, karani alimjibu, "Hii ni ya hiari, mzee. Mimi nataka ndugu."

Yaani angetoa kwa kulazimishwa, ingehesabiwa.

Jana tulikwenda kumwona shemeji. Akatutania kitandani: "Nyie ni ndugu wa watu wote isipokuwa mimi." Tukacheka naye. Tulipofika nje hatukucheka.

Tunachoomba

Amri ya ndugu ifutwe. Mgonjwa apewe damu kwa sababu anaihitaji. Chumba cha damu kifunguliwe na Jumamosi, na sista apate friji la pili, maana la sasa likijaa anaturudisha. Ratiba ya zamu tumeshaichora kwenye ubao, hatutakosea tena.

Tunajua amri haifutwi kwa siku moja, na keshokutwa haisubiri vikao. Kwa hiyo tumewahesabu watu wazima waliomo humu ambao miezi hii mitatu hawajatoa damu. Ukimwacha yule anayezimia, mko wawili: wewe na dereva wako. Dereva tulimuuliza alipokuwa anaegesha. Amesema, "Bosi akikunja shati, na mimi nakunja."

Mgeni rasmi, kalamu inatosha: mwandikie karani kwamba kadi ya Msasa ihesabiwe. Ukiona kalamu ni nzito, mkono unao, na sista yupo mpaka saa kumi.

Mungu akupe afya, na wa nyumbani kwako wasiikose damu siku watakayoihitaji.

Ni sisi,
Mafundi Seremala wa Mbele ya Geti