Zulai wa Samarkand na Mlango wa Dada Yake

Marehemu Zulai Borukhova alizaliwa tarehe 14 Machi 1934 mjini Samarkand, katika mtaa wa Wayahudi, mtoto wa pili wa Yakov na Yafa.

Alisoma miaka saba, kisha akaajiriwa kwenye kiwanda cha hariri, chumba cha rangi. Alifanya kazi huko miaka thelathini na minne, na kucha zake hazikuwahi kutoka rangi ya samawati. Mwaka 1956 aliolewa na Mordekhai, fundi viatu, aliyetangulia mwaka 1999.

Mama yake, Yafa, alifariki Aprili 1967, Zulai akiwa zamu. Dada yake mkubwa, Bakhmal, aliwaambia waombolezaji kwamba Zulai aliitwa akakataa kuja. Dada hao wawili wakaacha kusemezana. Zulai hakujitetea. Ila kila mwaka, kabla ya jua kuzama na mfungo wa Siku ya Upatanisho kuingia, alivaa nguo nyeupe akaenda kwa dada yake kuomba msamaha, njia nzima akitembea polepole kama mtu anayeota, hewa ikinukia makomamanga yaliyopasuka. Mara kumi na moja mlango haukufunguliwa. Tarehe 10 Oktoba 1978 ulifunguliwa.

“Umekonda,” Bakhmal alisema.

“Nisamehe, dada.”

“Ingia ule kwanza. Utafungaje na tumbo tupu?”

Kesho yake walishinda bega kwa bega katika sinagogi. Mama alitusimulia sisi wanawe kwamba siku ile haikuwa na saa. Mwanga ulisimama tu juu ya shuka nyeupe walizojitanda wanaume kusali, na sauti za sala zilimjia kama kutoka chini ya maji.

Moyo ulianza kumsumbua mwaka 2017. Mfungo wa mwaka huu daktari alimkataza, na rabi pia.

“Mama, kunywa. Rabi amesema leo kunywa ndiyo amri,” mwanawe Ilyau alimwambia.

“Basi nipe kwa kijiko, nisije nikaburudika.”

Alifariki usingizini alfajiri ya tarehe 27 Oktoba 2019, akiwa na miaka themanini na mitano.

Ameacha watoto wawili, Ilyau na Tamara, wajukuu watano, na dada yake Bakhmal, ambaye jana alituomba tuyasome haya mbele yenu: mwaka 1967 yeye ndiye aliyepaswa kutuma mtu kiwandani kumwita Zulai, akasahau. Zulai alilijua hilo tangu siku ya mazishi.

Mama, lala kwa amani.